Mashine Iliyosomeshwa na Dada Koku

Uskoti, Jumapili baada ya misa

Dada yangu Koku,

Barua yako ya mistari minne nimeipokea. Nimeihesabu, ni minne kweli, na wa nne ni jina lako. Wewe ambaye ukinigombeza kwa kalamu unajaza karatasi pande zote mbili mpaka ukingoni, safari hii umeandika kwamba hamjambo, kwamba mvua zimeanza, kwamba nisikonde, basi. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio hautulii, na nitakueleza kwa nini, ingawa hii ni mara ya tano naanza kuandika. Barua nne za kwanza zimo kwenye kapu la taka chini ya meza. Je, wewe hali yako? Kile kikohozi ulichokitaja wakati wa senene kiliisha? Wasichana wanakwenda shule? Tafadhali usinijibu kwamba mnamshukuru Mungu. Huko kwetu kila mtu anamshukuru Mungu, hata aliyelala kitandani mwezi mzima.

Wiki hiyohiyo ilikuja barua ya baba mdogo Dioniz. Yeye hakuandika mistari minne. Nakunakilia kipande chake ili ujue nimesoma nini: "Mwanangu Evodi, migomba ya marehemu kaka yangu imelala chini kama walevi wa harusini. Nyasi za kutandika hazijakatwa tangu mwaka jana. Dada yako amejitahidi, hatumlaumu, lakini kibanja kinataka mwanamume. Ukoo utakaa mvua zikipungua. Njoo ukalie entebe ya baba yako, au tuandikie kwamba umeniachia mimi." Hakuandika wewe na wasichana mtakwenda wapi. Mimi najua mtakwenda wapi. Hamna pa kwenda.

Tangu siku hiyo siwezi kukaa kitini. Nasimama, nakwenda dirishani, narudi, nashuka ngazi, nazunguka mtaa mzima wa mawe meusi na upepo wake, napanda tena. Mwenzangu Alan, yule niliyeanzisha naye kampuni, ameniambia kwamba nikiendelea hivi fundi viatu wa chini yetu atapata mteja wa kudumu. Nilicheka, lakini nilicheka nikitembea.

Tata alipokufa, entebe yake, kiti cha urithi wa baba, aliikalia kaka yetu Vedasto, na ilikuwa haki yake, ndiye mkubwa. Akaenda vitani na mgambo, akarudi mzima, tukachinja. Baadaye akaanza kuvuka mpaka pale Mutukula kutafuta vitenge na sabuni. Akarudi na vitenge, akarudi na sabuni, na mwishowe akarudi na ule ugonjwa wa kukonda ambao mwanzoni tuliupa jina la kitambaa kwa sababu tuliogopa kuutaja vingine. Mwaka uliofuata ukamchukua shemeji yangu, mumeo, kule Hamugembe, na ndugu zake wakakuonyesha mlango. Ukarudi Izigo na wasichana wawili na jembe. Mimi wakati huo nilikuwa tayari huku nasoma. Hivyo entebe ikaniangukia mimi niliye mbali, mtu anayeijua migomba kwa kuila.

Sasa nikueleze kazi yangu, maana umeniuliza mara nyingi nami nimekuwa nikikujibu juujuu, na shangazi amezoea kuwaambia watu kanisani kwamba natengeneza redio. Sitengenezi redio. Huku kuna elimu wanayoiita akili bandia. Unamchukua mtu anayejua jambo barabara, unakaa naye, unamhoji mpaka achoke: ukiona hiki unafanya nini, na ukiona kile je? Majibu yake unayaandika ndani ya kompyuta. Siku nyingine mtu asiyejua kitu anakaa mbele ya kompyuta, yenyewe inamuuliza maswali, anajibu ndiyo au hapana, na mwisho inampa ushauri ambao yule mjuzi angempa. Mimi na Alan tuliacha kazi chuoni tukaanzisha kampuni ya kutengeneza vitu hivyo. Chumba kimoja, meza mbili, kompyuta moja inayotoa joto kuliko jiko la mkaa, na hilo la joto ndilo zuri kuliko yote.

Mwanzoni tulifanya mashine ya kuwashauri mafundi wa matangi ya kiwanda cha bia. Mzee mmoja fundi alikuwa anastaafu, wakaogopa ataondoka na elimu yake kichwani. Tukamhoji miezi mitatu. Ilifanya kazi. Tukapata kazi nyingine mbili, tukanunua makabati, nikajiona mkurugenzi. Nilipiga hata picha nikiwa na tai, ile uliyonijibu kwamba nimefanana na mwalimu wa zamu.

Kisha likaja shirika linalosaidia wakulima wa Afrika ya mashariki. Walitaka mashine ya kutambua maradhi ya migomba. Alan akanitazama, nami nikasema bila kumeza mate, "Hiyo ni yangu. Mimi ni Mhaya, nimezaliwa chini ya mgomba." Unaona hapo jinsi tulivyo. Hakuna aliyeniuliza kama nimewahi kuupanda.

Ndiyo maana nilikutumia lile daftari lenye maswali. Nilikuandikia kwamba ni utafiti, kwamba ujibu ukipata nafasi. Likarudi baada ya miezi minne kwa mkono wa padri mmoja, limejaa hadi kwenye jalada, kurasa nyingine zina alama za utomvu, na ndani umebandika kipande cha jani kilichokauka ili nione rangi yenyewe. Dada, sijawahi kuona kazi kama ile. Maprofesa niliosoma kwao hawawezi kupanga mawazo hivyo. Na juu ya kila ukurasa, kabla ya jibu lolote, uliandika maneno yaleyale: "Kwanza uliza nani anaumwa nyumbani." Nilidhani ni adabu tu, kama salamu. Alan alisema swali hilo tuliingize kama lilivyo, mjuzi akisema ndilo la kwanza liwe la kwanza. Tukaliingiza.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Fomu ya shirika ilikuwa na mahali pa kuandika jina la mtaalamu aliyehojiwa. Nikaandika langu. Sikuwaza hata kidogo, na hicho ndicho kinachoniudhi zaidi, kwamba mkono ulikwenda wenyewe. Kwetu mkungu ukiingizwa nyumbani ni wa mwenye kibanja. Aliyelima, aliyetandika nyasi, aliyebeba samadi kichwani, huyo anaambiwa pole na kazi. Kibanja ni changu, elimu imetoka kibanjani, basi elimu ni yangu. Ndivyo nilivyolelewa, na nilivuka bahari zote hizi nikiwa nimeibeba fikra hiyo salama salimini.

Utakumbuka vita vilipoanza, mimi nikiwa mwanafunzi ninayelala kwenu Hamugembe, ulivyosema tubebe vitu vya maana tukimbilie Izigo. Wewe ukabeba unga, chumvi, sufuria na mtoto mgongoni. Mimi nikabeba vitabu vya hesabu. Njia nzima ukaniita nshomile, na tulipofika kwa Ma ukamwambia, "Huyu msomi wako ametuletea chakula cha kusoma." Niliona aibu kwa siku mbili tu. Ilifaa nione aibu zaidi.

Sasa Alhamisi iliyopita walikuja wageni. Kampuni kubwa ya kule kusini inataka kuinunua kampuni yetu pamoja na mashine ya migomba. Waliingia mabwana wawili wenye suti, na pamoja nao mama mmoja mwenye miwani, mtaalamu wa migomba, ambaye amechimba mizizi Uganda na Kamerun. Nikawapa amwani zile ulizonitumia, kwenye kisahani, nikawaeleza kwamba kwetu mgeni hatafuni maneno kabla ya kutafuna kahawa. Mabwana wakazitia mfukoni kwa heshima. Yule mama akatia mbili kinywani akatafuna, akatema makapi kwenye leso. Huyo nikamwogopa.

Akatoa picha. Mgomba umelala na mkungu wake mchanga. "Wewe ndiwe mtaalamu," akasema, "niambie una nini kabla hatujaiuliza mashine."

Nikasema, "Fukusi." Nilisema kwa sauti ya Tata kabisa.

"Una hakika?"

"Nimekulia humo, mama."

Alan akaiwasha mashine, mama akawa anaijibu. Ikauliza nani anaumwa nyumbani. Mama akasema, hapo hapakuwa na mgonjwa, watu wote wazima. Ikauliza: mgomba umekatika chini, au umeng'oka na mizizi yake? Mama akasema umeng'oka. Mizizi ni myeusi? Ni myeusi. Basi si fukusi, ikasema, ni minyoo ya mizizi, na ikatoa ushauri wa kusafisha machipukizi kabla ya kuyapanda tena, maneno yako neno kwa neno. Mama akavua miwani akaifuta. "Mashine imepata," akasema. "Mtaalamu wake amekosa. Hili sijawahi kuliona."

Mabwana wakacheka, mmoja akanipiga begani. Nikasema labda picha haikuwa wazi. Koku, picha ilikuwa wazi. Mizizi ilikuwa inaonekana kama vidole vya mkono wangu.

Nadhani ni kwa kutaka kujikosha ndipo nikasema, ngoja niwape mfano wa nyumbani kwangu hasa, habari mbichi, imefika juzi. Nikakaa mwenyewe kwenye kompyuta na barua ya baba mdogo mapajani. Mashine ikaniuliza la kwanza: nani anaumwa nyumbani? Nilikuwa na mistari yako minne mfukoni, inayosema hamjambo. Nikajibu hakuna. Nyasi zimekatwa? Hapana. Samadi imetiwa? Nikakumbuka Dioniz alisema hata ndama umeuza, nikajibu hapana. Machipukizi yamepunguzwa? Hapana. Migomba inaanguka? Ndiyo.

Ikafikiri kidogo, inavyofanya, taa yake ikipepesa. Kisha yakatokea maneno: "Umedanganywa. Uliza tena."

Chumba kizima kilicheka. Hata Alan alicheka, maana ndiye aliyeyaingiza, aliyapenda, alisema huyu Mhaya wako ana ucheshi. Mimi sikucheka. Nilifungua kabati nikatoa daftari, nikatafuta ukurasa. Upo pale, kwa mwandiko wako uliolala kulia: "Kama nyasi hazikukatwa na samadi haikutiwa, na wanakuambia hakuna mgonjwa, wamekudanganya. Uliza tena." Nilisimama na daftari mkononi nikaisoma tena na tena. Mtu aliyeandika sentensi ile hawezi kuacha kibanja cha Tata kilale chini kwa uvivu. Hilo Dioniz hawezi kulijua, kwa sababu yeye anatazama migomba tu.

Mabwana walipomaliza kucheka wakasema mashine ni nzuri, wataichukua, ila swali lile la kwanza liondolewe. Ni umbea, wakasema. Mkulima ataulizwaje mambo ya chumbani kwake na kompyuta? Na shirika nalo halitaki kusikia habari za ule ugonjwa wa kukonda, serikali za huko zitakasirika. Yule mama akasema polepole, kama anayejisemea, "Nimepita vibanja vingi namna hiyo karibu na mpaka. Nilipima udongo. Nilipima mizizi. Sikujua niulize nini." Kisha akanigeukia. "Nani aliyekufundisha swali hili?"

Nikasema, "Dada yangu. Yote ni ya dada yangu. Mimi sijui hata kupunguza machipukizi."

Alan akaitazama fomu, akaitazama sura yangu, akanipa kalamu. Nikakata jina langu nikaandika lako lote, Kokushubira, binti wa Tata yetu, mkulima, Izigo, Muleba. Na nitakuambia ukweli, haikuwa furaha ya kutenda haki. Ilikuwa aibu tupu.

Mkataba umelala mezani tangu siku hiyo. Wanataka nitie sahihi Ijumaa, swali liondoke, nami nibaki nao miaka miwili bila kusafiri. Alan anataka tusaini. Ana watoto, na chumba hiki kimemchosha. Tumegombana, sisi ambao hatujawahi kugombana hata kwa zamu ya kuchemsha chai. Alisema, "Swali moja tu, Evodi. Yanabaki mia mbili." Nikamwambia hayo mia mbili yanalisubiri hilo moja. Akasema hawatangoja. Najua hawatangoja. Huenda nikirudi nitakuta chumba kina watu wengine na jina letu limefutwa mlangoni, na miaka hii yote ya kujiita mkurugenzi itakuwa imeishia hapo. Inaniuma, sikufichi. Nilikipenda kile chumba. Lakini sitii sahihi, na tiketi nimekwisha kuikata.

Ninakuja. Ndege mpaka Dar es Salaam, treni mpaka Mwanza, meli mpaka Kemondo, na kutoka hapo hata kwa miguu. Barua hii nimempa mtu anayesafiri kesho ili initangulie. Ndani yake kuna bahasha nyingine iliyofungwa. Mpelekee shangazi, maana yeye ni mtoto wa kibanja hicho kabla yetu na ukoo unamwogopa. Nimeandika kwamba nitaikalia entebe ya Tata siku moja, kwa sababu asiyeikalia hana cha kumpa mwingine, kisha nitasimama mbele yao wote nikukalishe wewe. Watasema mwanamke hakalishwi. Waniambie mimi usoni. Nitawajibu kwamba mrithi wao amesailiwa na mzungu kwa picha moja tu, akaanguka.

Na kama ukoo utakaa kabla sijafika, usibishane na baba mdogo. Mkaribishe, mpe amwani, mwite waitu kwa heshima kama kawaida. Katika bahasha ya shangazi nimeweka maswali kumi kutoka kwenye daftari lako. Shangazi awaongoze wazee mpaka kibanjani, wasimame kwenye mgomba ulioanguka, awasomee. Dioniz ajibu kwanza, wewe ujibu baada yake. Hakuna kingine cha kufanya. Wazee wale hawasomi mkataba, lakini mgomba wanausoma, na watasikia ni nani kati yenu anayeujua.

Nisalimie wasichana, mkubwa umwambie vitabu vyake navileta, na mdogo kwamba yule mwanasesere aliyeniomba nimempata ila ana nywele nyekundu. Msalimie mjane wa Vedasto, shemeji yangu. Mwambie sijamsahau hata kama sijamwandikia. Ukifika mjini nisalimie Bi Zaituni, jirani yenu wa zamani pale Hamugembe, aliyekuwa akituletea futari hata sisi Wakatoliki, na yule mzee wa Kihindi wa dukani Miembeni anayetuhifadhia barua. Nasikia wanawe wote wameondoka amebaki yeye na mizani yake. Shangazi umwambie kwamba naam, ni redio, asijisumbue kuwaeleza watu upya.

Nikiingia uani, Koku, usianze kunipikia. Usiniulize habari za safari, wala usiwaite majirani waje kumtazama nshomile. Kaa chini, nami nitakaa chini. Mara ya kwanza niliulizwa na mashine nikajibu mwenyewe kwa niaba yako, nikasema hakuna. Wewe uliandika nikidanganywa nifanye nini. Nimetii. Nauliza tena: nani anaumwa nyumbani? Na kama ni wewe, useme ni wewe. Nyasi za kutandika nitakata mimi, utanionyesha mahali.

Ni mimi mdogo wako, mwanafunzi wako,
Evodi